Kaseti za wazazi na mega za leo

Kaseti ya Philips ilitoka mwaka 1963. Wazazi wetu walisikilizia humo Franco: ukishainunua ni yako, unatafuta betri tu. Leo tunanunua mega. Zikiisha, wimbo unanyamaza. Hata mwenye mega hana uhakika. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti Kongo nzima, karibu siku 20. Mwenye nyimbo katika karte memwari aliendelea kusikiliza.

Lakini Oktoba 2024, vita ilipofika Kalembe, watu walikimbia, kaseti na picha zikabaki nyumbani. Basi sauti ya mzee wako uinakili mara mbili: moja ukae nayo, nyingine umpe ndugu aliye mbali.