Washihiri wa Kariakoo na Ngazi ya Ukoo

Mji wa Dar es Salaam haukuwachambua Wahadhrami. Aliyeshuka jahazini kutoka Shihr, Mukalla au Seiyun aliitwa Mshihiri, basi. Mmanga alikuwa yule wa Oman. Wenyewe kwa wenyewe, lakini, walijuana nani yuko wapi. Juu walikaa masharifu, kizazi cha Ahmad bin Isa al-Muhajir, aliyehamia Hadhramaut kutoka Basra katika karne ya 10. Nyuma yao mashekhe wa nyumba za elimu, kina Bawazir na Al-Amudi. Kisha watu wa makabila, wenye silaha zao. Chini kabisa masikini, yaani mafundi, wakulima na wachuuzi.

Huko kwao mtu wa kabila aliona haya kushika mizani. Huku bara, wengi wakianzia uhamali wa Unguja, na wengine wakifukuzwa na njaa ya Hadhramaut ya 1943 na 1944, mjukuu wa mbeba bunduki na mjukuu wa mfuma nguo walijikuta nyuma ya meza moja wakipima sukari na mafuta ya taa. Maduka yao yalikuwa Kariakoo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, katikati ya Waswahili. Kwa mteja wa Kizaramo hilo lilikuwa duka la Mwarabu, na deni liliandikwa daftarini vilevile. Serikali nayo, ilipotaifisha majengo mwaka 1971, haikuuliza nani sharifu.

Ngazi ilibaki imesimama kwenye posa. Fiqhi ya Kishafii huhesabu nasaba katika kafaa, ulinganifu wa wanandoa. Sharifu akimwoa Mzaramo, mwanawe ni sharifu, hakuna mjadala. Sharifa akiposwa na tajiri asiye na nasaba hiyo, wazee huanza kukohoa. Mzigo wote wa kulinda jina, kwa hiyo, umebebeshwa mabinti, na sioni haki yake. Java ndoa kama hiyo iliwagawa Wahadhrami, na mwaka 1914 Ahmad Surkati, Msudani aliyesema ni halali, akaanzisha jumuiya ya Al-Irshad. Pwani yetu ilikuwa na namna yake: Lamu, aliyewafungulia darasa watoto wa watumwa alikuwa sharifu mwenyewe, Habib Saleh wa Msikiti wa Riyadha.

Maulidini sharifu bado hubusiwa mkono, hata kama pilau limegharimiwa na mjukuu wa hamali. Ama binti wa sharifu, nyumba nyingine siku hizi humwozesha amtakaye; nyingine humwambia amsubiri binamu wa Mombasa.