Mwembe wa Kwihara na bikoni ya kiwanja chako

Ukitembea Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utakutana na miembe mikubwa ya zamani. Ni alama ya njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe hadi Ujiji, kilomita zipatazo 1,200. Miembe ilitoa kivuli na matunda, lakini pia ilimwelekeza mgeni: kwa fulani ni pale, baada ya mwembe.

Leo hii bado kuna watu wanauziana viwanja kwa mtindo huohuo. "Mpaka wako unaanzia kwenye mwembe, unashuka mpaka kwenye minyaa." Sasa jiulize: mbona utaratibu huu ulitosha zamani, na leo unawatia watu hasara?

Wakati wa misafara, ardhi ya Unyanyembe haikuhesabiwa kwa mita za mraba. Aliyetaka kukaa alihitaji ridhaa ya mtemi, na majirani walikuwa mashahidi. Nyumba ya kawaida ilikuwa tembe, ya miti na udongo. Mpaka uliishi vichwani mwa watu, na kwa kuwa nafasi ilikuwepo, kukosea hatua tano hakukuvunja nyumba ya mtu.

Tarehe 7 Novemba 1857, Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, eneo ambalo leo ni Tabora. Speke alitumia sekstanti kupima anga, na latitudo ya hapo ni karibu digrii 5 kusini. Hii ni kumbukumbu ya aina nyingine kabisa. Mti ukikatwa au mzee akifariki, namba inabaki, na mtu mwingine anaweza kuitumia kurudi mahali palepale.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mji ukazidi kukua. Kisha, kati ya 1931 na 1933, Martin Hotine aliongoza upimaji wa mlolongo wa pembetatu kufuata meridiani ya 30, magharibi ya Tabora. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyozaa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ambao ramani nyingi za viwanja Tanzania zimechorwa nao.

Hapa kuna mtego. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zilezile, ukizisoma kwa mfumo usio wake, zitakupeleka takriban mita 300 kutoka mahali halisi. Yaani mtaa mwingine kabisa! Hata ukipatia mfumo, simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, na mita tatu zinatosha kuweka ukuta wako ndani ya kiwanja cha jirani.

Ndiyo maana unahitaji mpima ardhi aliyesajiliwa, mwenye vifaa vinavyopima kwa sentimita. Yeye analinganisha mambo matatu: ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, bikoni zilizopo ardhini, na kile muuzaji anachokuonyesha. Vikitofautiana, umeokoka kabla hujalipa. Na bikoni ikiwa imeng'olewa, anaweza kufufua mpaka kwa kutumia namba za ramani. Mwembe ukishang'olewa, nani ataufufua?

Basi, kama unanunua, usiridhike na tangazo la "kiwanja kimepimwa". Omba namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uhakikishe mmiliki na matumizi yaliyopangwa, kisha mpeleke mpima uwanjani. Majirani nao wawepo, maana ushahidi wao bado una kazi. Kumbuka pia kwamba leseni ya makazi si sawa na hati miliki. Hati hutolewa juu ya ardhi iliyopimwa.

Na kama tayari una nyumba, hasa ya kurithi, pima wakati wazee wanaojua mipaka wangali hai na hakuna ugomvi. Wakiondoka, watoto wa pande mbili watabaki na hadithi mbili za mwembe mmoja, na gharama ya kesi inaweza kuzidi ya mpima. Wanaosomea masuala ya ardhi wapo hapohapo mjini, Chuo cha Ardhi Tabora.