Motere ya HiAce iko chini ya kiti: namna ya kuifikia na kuisafisha

Wengi wanaopanda bisi ndogo hapa Kamina hawajui kama wenye kukaa mbele wanakalia motere. Kwa kawaida Toyota HiAce haina pua. Motere yake imewekwa chini ya viti vya mbele, kwa nyingi za mwaka wa 1989 hadi 2004 na hata kwa nyingi zilizofuata. Mwenye gari anafurahi, juu nafasi ya abiria inakuwa kubwa. Fundi ndiye anateseka: vumbi nyekundu ya barabara ya Kaniama ao ya Bukama inachanganyika na mafuta yenye kuvuja, inakauka kama tofali, na mukono haufiki.

Ulaya nako wanateseka. Porsche Boxster, gari ya paa la kukunja iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1996, motere iko nyuma ya viti. Kuiona kutoka juu, lazima kuinua paa nusu, kutoa zulia, kisha kufungua kifuniko. Kwetu ni kiti tu.

Motere ipoe kwanza, hata saa nzima. Toa mikeka na vyombo vyote, fungua vishikizo vya mbele ya kiti, kisha ukilaze nyuma na kukifunga kwa kamba nguvu kisikuangukie kichwa. Kama vishikizo vimeshikwa na kutu, usivipige nyundo. Tia mafuta, ngojea. Mwenye kutaka nafasi zaidi anafungua bulo na kutoa kiti kizima. Kazi inaongezeka, lakini unaona motere pande zote.

Toa waya wa batri, ule wa alama ya kutoa. Funika alterneta na mudomo wa kuingiza hewa kwa plastiki. Halafu kwangua kwa kijiti, piga brosi na sabuni, suuza kwa maji kidogo. Pompi ya nguvu inasukuma maji ndani ya waya, na kesho gari haiwaki.

Watu wengi wanaoshea esansi, sababu inakata mafuta haraka. Ni hatari kubwa. Hapa hewa ya esansi inabaki ndani ya gari, chini ya viti, na cheche moja ya batri inatosha.

Radiateri isisahauliwe, zaidi kati ya mwezi wa tano na wa tisa, wakati mvua hakuna. Vumbi na majani vinaingia kutoka mbele, basi pulizia hewa kutoka upande wa motere kwenda inje. Ukipulizia kutoka mbele, unavisukuma ndani zaidi.

Kwa kamyo kama Mitsubishi Canter, kabina nzima inainamishwa mbele. Simamisha kamyo mahali pa sawasawa, kaza freni ya mukono, tia mawe kwenye magurudumu, funga milango. Mutu asiingize kichwa chini mbele ya kuona kama chuma cha kushikilia kabina kimekaa vizuri.

Turudi kwa HiAce. Mbele ya kufunga kiti, washa motere na kuangalia kama kuna kitu kinachovuja. Kisha tazama kauchu inayozunguka kifuniko. Kwa magari mengi imekatika, ao mutu aliitupa. Ile kauchu ndiyo inazuia joto na moshi kupanda kwa abiria, na ndani ya moshi kuna monoksidi ya kaboni, gazi isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua. Ukikosa mupya, kata kipande cha mupira wa ndani wa gurudumu, kibandike kuzunguka pembe zote, kisha funga vishikizo vyote viwili.