Nguo za Kuvutika: Zilikotoka na Namna ya Kuzifua



Binti mmoja darasani kwangu alikuwa akiishika hijabu yake kila dakika. Kofia ya ndani ilikuwa imelegea. Mama yake aliichemsha, akidhani ndiyo itatoharika zaidi.

Zamani nguo za kubana zilitegemea mpira. Mwingereza Thomas Hancock alisajili uvumbuzi wake wa lastiki mwaka 1820. Lakini jasho, mafuta na joto viliuharibu mpira huo upesi. Mwaka 1958 Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, akatengeneza uzi wa elastani, maarufu kwa jina la Lycra. Huvutika hata mara tano ya urefu wake, kisha hurudi.

Uzi huu nao una maadui wawili: joto kali na klorini. Basi fua kwa mkono, kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali. Usisokote, bonyeza nguo ndani ya taulo, kisha ilaze kivulini ikauke.

Ndugu zangu, kinachotoharisha ni maji safi, si moto wake. Tusiharibu mali bure.