Howard Olson: Mmisionari kijana aliyejifunza Kirimi

Howard S. Olson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1922, aliwasili Tanganyika mwaka 1946. Alitumwa na Kanisa la Kilutheri la Augustana, ambalo tangu miaka ya 1920 lilikuwa likihudumu Iramba na Singida.

Kazi ya mmisionari kijana ilianza na lugha. Kiswahili pekee hakikutosha, kwani Wanyaturu, wakulima wa mtama na uwele na wafugaji wa ng'ombe, walizungumza Kirimi majumbani mwao. Mwalimu alilazimika kuwa mwanafunzi, jambo ambalo si kila mgeni alilikubali. Olson alilikubali: tasnifu yake kuhusu sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi ilitoka mwaka 1964.

Makanisani nako ziliimbwa nyimbo za Ulaya, maneno ya Kiswahili yakilazimishwa kufuata mahadhi ya kigeni, hata mkazo ukaangukia silabi isiyostahili. Baadaye, akifundisha chuo cha Makumira, mkoani Arusha, Olson aliwahimiza wanafunzi watunge kwa mahadhi ya makwao. Mkusanyo wa "Tumshangilie Mungu" ulitoka mwaka 1968. "Mfurahini, Haleluya" wa Bernard Kyamanywa, uliotungwa mwaka 1966, huimbwa Pasaka hata Marekani, kwa tafsiri ya Olson.