Ebitinge, Fibula na Msamiati wa Mapambo

Fibula ya Kirumi ilikuwa bizimu ya shaba nyeusi, ya chuma au ya fedha, iliyobana vazi begani. Toga haikuihitaji, kwani ilishikiliwa na mikunjo yake yenyewe. Joho la askari ndilo lililofungwa kwa bizimu. Kufikia karne ya 4 bizimu kubwa ilikwisha kuwa alama ya cheo cha maofisa. Lakini tabibu Celsus, katika karne ya 1, analitumia neno lilo hilo kutaja pete iliyopitishwa kwenye govi la kijana ili ajizuie na tendo la ndoa, sauti yake au afya yake isiharibike. Neno la nguo limekwisha kuhamia mwilini.

Uhamaji huo ndio unaotuleta Kisii na Nyamira. Hatudai kwamba Roma iliathiri nyanda hizi. Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne hiyo hiyo ya 1, kinaorodhesha mikuki, mashoka, majambia, maharazi na vitu vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa Rhapta katika pwani yetu, mabizimu hayamo. Tunacholinganisha ni kazi ya kishikizo kama alama.

Miongoni mwa Abagusii wa zamani, alama nzito ya kufunga ilikuwa kifundoni mwa mguu. Ebitinge (umoja: egetinge) ni pete za chuma alizovishwa mke katika enyangi, sherehe iliyokamilisha ndoa. Ikumbukwe kwamba enyangi haikuwa lazima iwe mwanzo wa maisha ya pamoja: ng'ombe wa mahari waliweza kutolewa na watoto kuzaliwa kabla haijafanyika. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti wao kati ya 1955 na 1957, waliikuta desturi hii ikiwa bado inakumbukwa vyema. Pete hizo hazikuvuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi. Kuziondoa kulikuwa tendo lenye maana: mume amefariki, au mke amemwacha na kwenda kwa mwingine.

Hapa ndipo Kiswahili chetu sanifu kinapotupa shida. Kamusi zina mtali na furungu, maneno mazuri ya pwani, lakini yote mawili yanaelekea kwenye urembo. Katika utendi wake wa 1858, Mwana Kupona anamwusia bintiye ajipambe kwa ajili ya mumewe. Pambo hapo ni juhudi ya kila siku ya mke mwenyewe, naye ndiye anayelivaa na kulivua. Mwanafunzi anayefasiri simulizi ya Ekegusii na kuandika "bangili" mahali pa ebitinge (nasi tumezisoma tasnifu za namna hiyo) anamhamisha mhusika kutoka Nyamira hadi Pate bila kujua. Msomaji ataona mwanamke anavua pambo. Msikilizaji wa Kigusii alisikia ndoa ikivunjika.

Kupungua kwa ebitinge kuna historia yake pia. Misheni ya Kikatoliki ilianza Nyabururu mnamo 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa muda mfupi baadaye. Ndoa ya kanisani ikaja na pete ya kidoleni. Mahakama za kikoloni nazo zilishughulika na ng'ombe. Kazi ya Philip Mayer ya 1950 kuhusu sheria ya mahari ya Abagusii inaonyesha jinsi uhalali wa ndoa ulivyotegemea mifugo iliyotolewa. Ng'ombe waliweza kuhesabiwa, kudaiwa na kurudishwa. Chuma cha mguuni kilizungumza lugha isiyoandikika katika daftari la karani, ingawa kwa jirani aliyekutana na mwanamke huyo njiani ndicho kilichosomeka kwanza.

Kwa hiyo tunapendekeza neno ebitinge libakizwe katika tafsiri, pamoja na maelezo mafupi, kama tunavyobakiza toga. Kazi ngumu zaidi ni kuzirudia simulizi zilizokwisha kuchapishwa na kuuliza, kila inapotokea "bangili" mguuni, mhusika alivishwa na nani, na katika sherehe gani.