Kadi mama inayokula umeme kidogo: historia yake, na faida yake kwetu Marabo

Marabo, Irumu. Ndugu wasikilizaji wa hapa kwetu, nanyi familia mlioacha vijiji vyenu na nguo za mwilini tu, leo nawaletea historia ya kitu kidogo: kadi mama, ule ubao ulio ndani ya kompyuta ambao vifaa vingine vyote huunganishwa nao.

Swali ni hili: picha za marehemu, sauti za wazee, vyeti vya watoto, tuviweke wapi? Simu huibiwa, au hupotea njiani siku ya kukimbia. Jibu moja ni seva ya nyumbani, yaani kompyuta yenye diski za kuhifadhia, inayowaka usiku na mchana. Lakini umeme utatoka wapi?

Kituo cha umeme wa maji cha Budana, kwenye mto Shari huko Djugu, kilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Baadaye mji wa Bunia nao ulipata umeme kutoka huko. Waya zilifuata dhahabu, na vijiji vingi vikabaki gizani. Hadi leo wengi wetu tunategemea paneli ya jua, betri au jenereta.

Kompyuta za mezani zilitengenezwa kwa watu wasio na shida hiyo. Mwaka 2004 Intel iliuza prosesa za Pentium 4 zilizopimwa hadi wati 115, hapo hujahesabu diski wala skrini.

Njia nyingine ilianzia Cambridge, Uingereza, katika kampuni ndogo ya Acorn. Sophie Wilson na Steve Furber walitaka prosesa ya bei nafuu, yenye ganda la plastiki. Plastiki haivumilii joto kali, kwa hiyo ilibidi prosesa itumie umeme kidogo. Ya kwanza ilifika tarehe 26 Aprili 1985. Furber alisimulia baadaye kwamba walipopima umeme wake, kipimo kilionyesha sifuri. Kumbe waya wake wa umeme haukuwa umeunganishwa. Prosesa ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme uliopenya kutoka vifaa vya jirani! Uzao wake, ARM, ndio uliomo katika karibu kila simu leo, na katika Raspberry Pi, kompyuta ya ubao mmoja iliyotoka Februari 2012 kwa dola 35.

Upande wa pili, mwaka 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ilileta kadi mama ya Mini-ITX, yenye sentimita 17 kila upande. Intel ikafuata na prosesa ya Atom mwaka 2008, na N100 ya wati 6 mwaka 2023.

Sasa tupige hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ikijaa ina wati-saa 1200. Ile ya asidi ikimalizwa zaidi ya nusu kila siku hufa mapema, basi tuhesabu 600. Kompyuta ya zamani inayokula wati 60 itaimaliza kwa saa 10, kabla hakujacha. Inayokula wati 10 itakaa saa 60, siku mbili na nusu, hata mvua ikifunika jua.

Kwa hiyo, ukienda kununua, uliza inakula wati ngapi ikiwa imetulia, maana seva hutulia karibu siku nzima. Uliza ina nafasi ngapi za kuunganisha diski. Uliza kama inapokea volti 12 moja kwa moja, kwa sababu kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa volti 220 nacho hula sehemu yake. Chagua isiyo na feni ukiweza; vumbi la barabara yetu ya Bunia–Komanda mnalijua.

Kumbukumbu iliyotunzwa ina uzito. Picha za video zilizopigwa katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, tarehe 12 Februari 2003, zilionyeshwa mbele ya mahakama ya kimataifa ya La Haye. Zilikuwa sehemu ya ushahidi katika hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo, tarehe 14 Machi 2012, kuhusu watoto walioingizwa vitani. Mkanda huo ungepotea, sehemu hiyo ya ushahidi isingekuwepo.

Seva nayo inaweza kuungua au kuibiwa. Tengenezeni nakala ya pili kwenye diski nyingine, na mmpe ndugu anayekaa mahali pengine. Siku ya kukimbia hakuna anayebeba kompyuta. Lakini diski yenye ukubwa wa kiganja, mama huweza kuifunga ndani ya kitenge.